Mliowahi kuchokonoa grauti ya bafuni (ile saruji ya katikati ya vigae) wenyewe, tupeane uzoefu

Mpangaji wa Kimara
Wakuu, leo nimepita kwa jirani, grinda inalia bafuni, vumbi linatoka dirishani kama moshi wa kuni mbichi. Kifua kikanibana hapo hapo. Nikakumbuka yangu ya 2019. Grauti ilikuwa nyeusi tii, fundi kataka hela, nikaona ya nini wakati grinda ya kuazima ipo. Nikafunga mlango vumbi lisiingie sebuleni! Siku tatu napenga kamasi ya kijivu. Nyie yaliwakuta yapi?

Ndala Mbili
Kamasi ya kijivu 😂 umenikumbusha mbali.

Saruji Mbichi
Vumbi cha mtoto. Mimi nilipiga magoti naijaza grauti mbichi, jinzi ikalowa. Haiumi, ndiyo ubaya wake. Usiku navua suruali, ngozi ya goti ikatoka nayo kama ganda la nyanya. Makovu ninayo, wakwe wanajua nilianguka na bodaboda.

Fundi Vigae
Saruji mbichi inaunguza polepole. Vaa glovu za mpira, ikikugusa osha kwa maji mengi papo hapo. Na wewe wa grinda, ungemwagia maji, vumbi lote linalala.

Nyaya Wazi
Amwage maji na grinda ya umeme mkononi? Unataka tuchangie sanda?

Fundi Vigae
Nimesema wapi grinda? Unaloanisha, unachokonoa kwa kisu cha grauti.

Nyaya Wazi
Soma ulichoandika.

Mtoto wa Mirerani
Vumbi hilo msilichekee. Mchanga wa kwenye grauti una silika, madini ya kwenye mawe, ile ile inayomaliza mapafu ya wachimbaji huku kwetu. Barakoa ya kitambaa ni pambo tu, tafuta N95, ile barakoa inayochuja vumbi laini. Na usifagie pakavu.

Mama Vyumba Vitatu
Acheni kugombana niwasimulie. Mimi sikutaka grinda wala kisu. Nikanunua asidi ya kusafishia vigae, nikamwaga. Nikaona inachelewa, nikaongeza jiki. Jamani! Ilipanda harufu kama bwawa zima la kuogelea limeingia puani. Macho moto, koo limekaba, natafuta kitasa sikipati. Kijana wa duka la jirani ndiye aliyenivuta nje, nimejifunga kanga moja tu, mtaa mzima umenizunguka. Wengine wanasema mashetani. Hospitali nikalala na mashine ya hewa usiku kucha.

Ndala Mbili
Kanga moja 🙆 pole mama. Ikawaje?

Saruji Mbichi
Ungekunywa maziwa fasta.

Nesi Zamu ya Usiku
Maziwa yanaingiaje kwenye mapafu? Asidi na jiki vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Dawa ni kutoka nje kwenye hewa, kisha hospitali. Kifua kinaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye hata kama umejiona mzima.

Saruji Mbichi
Bibi yangu alitupa maziwa kwa kila kitu na tupo.

Mpangaji wa Kimara
Uzi wangu umetekwa. Haya mama, angalau grauti ilitakata?

Mama Vyumba Vitatu
Asidi iliila. Ikabaki mashimo mashimo, ikabidi nimwite fundi na grinda yake.