Mjadala: Drosera ya dawa ya kikohozi ilimwe, au iendelee kung'olewa kinamasini?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kwenye vinamasi vya maji machachu, mahali ambapo mahindi hayaoti, kuna mmea mdogo unaoitwa drosera. Majani yake yana vinyweleo vyekundu, na kila kinyweleo kina tone linalonata kama ulimbo. Mdudu akitua hatoki. Jani linamkunjia taratibu na kumyeyusha, kwa sababu naitrojeni isiyopatikana udongoni mmea huu unaipata mwilini mwa mdudu huyo.

Ulaya hii ni dawa ya kikohozi tangu enzi za mababu zao. Miaka ya 1980 Tume E ya Ujerumani, iliyokuwa ikikagua dawa za mitishamba, iliikubali kwa kikohozi kikavu na kile cha kubana. Lakini vinamasi vyao vingi walishavikausha kwa ajili ya kilimo na kuchimba mboji. Drosera yao ikawa adimu, nchi nyingi zikailinda kwa sheria. Viwanda vikageukia spishi nyingine, mojawapo Drosera madagascariensis, inayong'olewa porini Madagaska, ikakaushwa na kusafirishwa. Spishi hiyohiyo inaota Tanzania, ndiyo maana nauleta mjadala huu kwetu.

Msimamo wangu: mmea kama huu uuzwe kuwa dawa pale tu unapokuwa umelimwa. Ni mwepesi mno; ukikauka, kilo moja ni maelfu ya mashina. Ukilinda kinamasi chako halafu ukanunua cha mwenzako, hasara umeihamisha tu.

Mkulima, Njombe

Mkuu, umewahi kupanda kitu kinachokufa ukikiwekea mbolea? Maji ya bomba yenye madini mengi yanauua polepole. Unataka maji ya mvua, jua la kutosha na tope lisilokauka, na unakua pole pole. Nani atanilipa kwa kusubiri? Halafu wale wavunaji wa Madagaska: ukisema kesho viwanda vinunue cha shambani, shamba hilo litafunguliwa Ujerumani. Utakuwa umewalindia kinamasi na kuwanyang'anya hela ya chumvi.

Muuza dawa za asili

Kuna jambo mnaliruka. Dawa ya porini ina nguvu kwa sababu imepambana na jua, njaa na wadudu. Ukiilea kwenye chupa za maabara kama miche ya migomba, umepata majani tu. Na ujuzi wa wazee usidharauliwe. Watu wa Mi'kmaq wa Kanada walitumia sarasenia, mmea mwingine unaokula wadudu, kutibu ndui karne ya 19, na madaktari wengi wakawapuuza. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba dondoo yake inazuia virusi vya jamii ya ndui kuzaliana ndani ya seli.

Mleta mada

Ndugu yangu, nguvu ya drosera haikai mahali pamoja. Kuna kemikali za plumbajini na metiljugloni, zinazoua vijidudu, na kuna kundi jingine la kemikali, flavonoidi. Ile ya Madagaska ilipochunguzwa maabara, flavonoidi ndizo zilizoonekana kuchangia kulegeza misuli iliyokaza na kutuliza uvimbe. Viwango vinatofautiana spishi kwa spishi. Anayenunua gunia la porini hajui anakunywa kiasi gani, na plumbajini hiyohiyo ikizidi inababua ngozi na kuua hata seli zenye afya. Cha shambani unakipima kila mavuno. Hata hayo mapambano unayoyasema yanawezekana ndani ya chupa: watafiti wa Thailand walipoweka dondoo ya hamira kwenye chupa za Drosera burmannii, mmea ulijihami kana kwamba umeshambuliwa, plumbajini ikapanda.

Kaka wa Njombe, hofu yako ni ya kweli. Greifswald huko Ujerumani wameshajaribu kuotesha drosera juu ya sfagnamu, kimea laini cha vinamasini, kwenye kinamasi kilichorudishiwa maji, na Ufini nao wamejaribu kuilima. Tukilala, faida itabaki kwao. Artemisia ya dawa ya malaria asili yake ni China, lakini wakulima wa Kenya na Tanzania wameilima. Drosera iko kwetu tayari, kwa nini isilimwe hapa na Madagaska?

Muuguzi

Mnabishana kuhusu shamba, mgonjwa mmemsahau. Mtego wa inzi, Dionaea, mmea mwingine unaokula wadudu, asili yake ni majimbo ya Carolina huko Marekani. Unalimwa kwa wingi na kuuzwa kama ua la dirishani. Kulimwa hakukuufanya dawa. Daktari Helmut Keller wa Ujerumani alitengeneza tiba ya saratani kutokana na juisi yake. Miaka ya 1980 mamlaka za huko zikazuia sindano zake kwa sababu ya madhara kama homa na kutetemeka, na ushahidi kwamba inaponya saratani haujapatikana. Wala kulima hakukumaliza wizi: North Carolina iliamua tangu Desemba 2014 kuhesabu uibaji wa mmea huo porini kuwa kosa kubwa la jinai.

Nimemuuguza mama aliyeacha matibabu ya saratani ya titi akafuata matone ya mmea. Aliporudi, uvimbe ulishatoboa ngozi. Sijamsahau.

Na ndui, kaka, iliondolewa na chanjo. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya asili alipatikana Merca, Somalia, 1977. Kuzuia virusi kwenye kisahani cha maabara ni hatua ya kwanza tu, mgonjwa bado yuko mbali. Vivyo hivyo kikohozi: kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu kabla ya kutafuta sharubati yoyote.

Mleta mada

Pole sana, dada. Umenisogeza, narekebisha hoja. Ulimwe, na kabla ya kuuzwa ujaribiwe kwa wagonjwa wa kikohozi wenyewe. Chupa inayotaja saratani isiruhusiwe rafuni kabisa.

Mkulima, Njombe

Kwa masharti hayo naweza kuanza na mabeseni mawili, nikinga maji ya mvua. Mbegu tuzichukue kwenye vikonyo vilivyokauka, shina libaki kinamasini. Lakini bei iandikwe kwenye mkataba kabla sijagusa tope.