Tupeane uzoefu: mwanafunzi azisaidieje jamii za asili kulinda ardhi na haki zao? (Kigoma na Tabora)

Mwanaluiche:
Wadau, kila Agosti 9, Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili, vyuoni huwa ni fulana na mabango, kesho yake kimya. Na Watongwe tunao hapahapa Uvinza, wengine wazee wao waliishi milima ya Mahale kabla haijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Tuambiane kazi zenye faida na namna ya kuzifanya.

Naanza na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, maana ardhi nyingi hupotelea hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo anayetaka njia ya mkato hutafuta saini za wananchi: mahudhurio ya kikao cha zahanati yanabanwa kwa pini nyuma ya uamuzi wa kugawa pori. Kinga yake ni rahisi. Juu ya kila karatasi ya mahudhurio andikeni jina la kijiji, tarehe na ajenda. Zipewe namba: 1 kati ya 4, 2 kati ya 4. Chini ya jina la mwisho pigeni mstari mpaka pembeni, asiongezwe mtu. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Mwanafunzi anaweza kumsaidia mtendaji kuandika, ila kama si mkazi asinyooshe mkono wakati wa kupiga kura.

Mtu wa Sikonge:
Mkuu umegusa penyewe. Naongeza: msiingie kijijini kimyakimya. Barua ya utambulisho ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa mkoa, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Ukiruka ngazi moja, wenyeji wako ndio watakaohojiwa ukishaondoka.

Kijiji kikinyimwa nyaraka zake, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Bila muhuri huo, siku 30 hazina pa kuanzia.

Ramani Ugalla:
Kwenye mipaka wanafunzi wanaharibu sana, tena kwa nia njema. Simu inasoma majira (namba za mahali) kwa mfumo wa WGS 84, lakini ramani nyingi za zamani za nchi hii zilichorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukihamisha namba bila kubadilisha mfumo, jiwe la mpaka linasogea takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kabisa kuutupa msitu wa matambiko upande wa jirani.

Kigoma kuna mtego wa pili: ramani za UTM hugawa dunia katika kanda zenye namba, na mpaka wa kanda mbili, longitudo 30, unaupasua mkoa. Ujiji na Mahale ziko kanda ya 35 kusini, Uvinza mjini iko kanda ya 36. Tabora hamna shida hiyo, yote ni 36. Kwa hiyo kila nukta iandikwe pamoja na mfumo, kanda, tarehe na jina la mzee aliyeionyesha, kama ameridhia. Simu ikae wazi mahali pamoja dakika mbili tatu kabla ya kusoma. Chini ya miyombo yenye majani mengi namba hurukaruka. Na wazee wa kijiji jirani wawepo siku hiyo. Mpaka uliopimwa na upande mmoja ni ugomvi uliochorwa vizuri.

Binti Ujiji:
Mimi ni upande wa lugha. Mkirekodi wazee, tumieni WAV (faili la sauti lisilobanwa), si sauti za WhatsApp. Saa moja ya chaneli moja, kHz 44.1 na biti 16, inakula kama MB 300, basi nendeni na kadi ya kutosha. Kaeni mbali na ziwa, upepo unafuta sauti. Ridhaa irekodiwe mwanzoni, kwa lugha ya mzee mwenyewe: nani atasikiliza, itatunzwa wapi. Dawa za miti na maeneo ya matambiko visipandishwe mtandaoni hata mzee akiwa mkarimu kiasi gani, maana wenye siri ni ukoo mzima. Nakala moja ibaki kijijini.

Mwanaluiche:
Asante dada. Kwa vijana wa sheria: someni hukumu ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, Kenya, walioshinda kesi ya ardhi yao, iliyotolewa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha tarehe 26 Mei 2017, pamoja na ile ya fidia ya Juni 2022. Zifupisheni kwa Kiswahili cha kurasa mbili, zisomwe kijijini. Ila msimwahidi mtu safari ya Arusha. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi huko moja kwa moja.

Njia iliyo karibu ni hati ya hakimiliki ya kimila ya kikundi, kama waliyopata Wahadzabe wa Yaeda Chini, Mbulu, mwaka 2011. Inahitaji mipaka iliyokubaliwa na majirani, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi na masjala ya kutunzia kumbukumbu. Ulizeni wilayani faili limekwama kwenye kipi kati ya hivyo vinne, mkaanzie hapo.