Naomba ushauri: vigae vya bafuni kwa ajili ya mama, na mianya ya jikoni inayotoa unga

MamaPacha: Habari zenu wakuu. Mama yangu mzazi anahamia kwetu. Ana miaka 74 na goti moja halikunjiki vizuri. Vigae vya bafuni vinang'aa kama kioo, mimi mwenyewe vimeshaniangusha. Nataka kuving'oa. Muuzaji anasema porseleni ndiyo kila kitu, fundi anasema vyote ni udongo tu, nichukue kauri ya kawaida. Halafu jikoni mianya kati ya vigae imeingia vishimo, ukipitisha ukucha unatoka unga. Kila Jumamosi naisugua kwa siki ibaki myeupe.

FundiMwiko: Pole dada. Nabandika vigae mwaka wa 19 sasa. Fundi wako hajakudanganya, vyote ni udongo, ila wa porseleni umesagwa laini zaidi na kuchomwa kwa moto mkali mpaka ukashikamana: hainywi maji kupita asilimia 0.5 ya uzito wake. Kauri ya ukutani hunywa hata zaidi ya asilimia 10. Geuza kigae, dondoshea tone la maji mgongoni, subiri dakika moja. Likizama likaacha baka, hicho ni cha ukutani, na huko kinafaa sana. Likibaki limetuna, kipeleke sakafuni.

Lakini kwa mama, anza na utelezi. Porseleni iliyosuguliwa ikang'aa ni hatari ikilowa, hata iwe ngumu namna gani. Ulizia daraja la utelezi: kwa miguu mitupu kuna A, B na C, na C ndiyo inayoshika zaidi. Kwa bafu usishuke chini ya B. Pale anapoogea weka vigae vidogo vidogo, mianya mingi inaupa mguu pa kushika, na mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji unakaa vizuri.

Siki iache leo hii, nakuomba. Kigae haikifanyi kitu, ila mianya imejazwa saruji, na asidi ya siki inaila saruji. Ule unga ndiyo huo. Kwangua mpaka ukute pagumu, toa vumbi, jaza upya. Usipake juu juu, itabanduka. Ikishakauka kabisa paka dawa ya kuzuia maji. Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, kisha suuza sana, maana sabuni inayobaki ndiyo inayonasa uchafu.

Babu_Kiraka: Naongezea. Soma namba ya toleo kwenye kila boksi, zilingane, na uweke akiba angalau boksi moja. Mimi sikuweka. Kigae kimoja kilipasuka mlangoni, nikanunua cha jina lilelile, rangi ikatofautiana, na hadi leo jicho langu linakwenda palepale kila nikiingia.

FundiMwiko: Kweli kabisa mzee wangu. Na dada, kabla hujamlipa fundi, gonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia kama kitu kitupu ndani hakina gundi ya kutosha chini, na mara nyingi hicho ndicho kitakachopasuka kwanza.

MamaPacha: Asanteni sana. Nimejaribu tone kwenye sampuli mbili alizonipa muuzaji, zote aliziita porseleni. Moja imekunywa maji kabla hata sijamaliza kuhesabu ishirini. Kesho naenda nayo dukani, na chupa ya maji mkononi.