Mrejesho: mzio wa karanga na uji wa lishe kituoni

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu namna ya kukieleza kituo cha kulelea watoto mchana kwamba binti yetu wa miaka miwili ana mzio wa karanga, na kwamba hatupendi apewe sukari. Nawashukuru kwa dhati, na haya ndiyo yaliyofuata.

Niliandika karatasi moja yenye picha yake, nikatenganisha maagizo ya daktari na yale tunayopendelea sisi wazazi, kwa sababu mlezi mwenye watoto wengi akiyakuta yamechanganywa anaweza kudhani karanga na sukari ni mambo ya uzito mmoja. Mwalimu mkuu aliipokea vizuri, lakini mazungumzo yenye manufaa zaidi yalikuwa na dada wa jikoni, aliyenifunulia ndoo ya unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja, wala hakuna jicho linaloweza kuitambua karanga humo. Kuchemsha uji hakuondoi hatari hiyo. Tumekubaliana nipeleke unga wa ulezi mtupu, uliosagwa kwenye mashine isiyosaga karanga (kuipata mashine hiyo kulinisumbua kuliko yote), na apikiwe kwa sufuria na mwiko wake.

Kuhusu dalili, tuliandika vipele, kuvimba midomo, kutapika na kupumua kwa shida. Akishindwa kupumua vizuri, akimbizwe hospitali kwanza, sisi tupigiwe simu wakiwa njiani. Kwa upande wa sukari, wameomba aonje keki kwenye sherehe za wenzake iwapo haina karanga, nasi tumeridhia.