Dodoma hadi London: umbali wa ramani na saa za kweli njiani

Salaam dada,

Umeuliza safari ya mama kutoka Dodoma hadi London ina umbali gani na itachukua muda gani. Hizo kilomita 7,280 ulizozipata zinakaribia ukweli, ila ni mstari ulionyooka hewani, na hakuna ndege itokayo Dodoma moja kwa moja hadi London. Mama atashuka kwanza Dar, karibu kilomita 400 kuelekea mashariki. Kutoka Dar, kupitia Addis Ababa ni kama kilomita 7,700; kupitia Doha zinafika 9,000 na ushee. Kwa mtu mzima ningechagua Addis, ingawa muda wa kusubiri pale ndio uamue.

Kukadiria muda wa angani, gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Addis hadi London ni kilomita 5,900, kwa hiyo saa saba na nusu hivi. Lakini mlango kwa mlango mhesabie saa 22 hadi 26.

Panapoharibika ni kipande cha Dodoma–Dar. Kikikatwa kwa tiketi ya peke yake na ndege ikachelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumpangia nyingine. Mizigo nayo ataichukua Dar na kuikabidhi upya, na ndege nyingi za ndani hazishukii Jengo la Tatu, ambako za kimataifa huondokea. Ama mkatie tiketi moja kuanzia Dodoma, ama umwachie nafasi ya muda wa saa sita Dar. Akija kwa treni ya SGR badala ya ndege, hutumia takriban saa nne, kisha kuna foleni ya kutoka mjini hadi uwanjani. Afike kaunta saa tatu kabla. Nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka.

---

Naongezea kwa kaka hapo juu: angalieni tarehe. Tiketi ikisoma 00:40 tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15. Mama anatakiwa awe uwanjani tarehe 14, kabla ya saa nne usiku. Akipanda treni ya tarehe 15, ndege ilishaondoka. Mwandikieni kwenye karatasi kwa saa zetu, pamoja na jina la siku.

Saa za kufika nazo huchanganya. Tanzania haibadilishi saa, Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Akiondoka Dar saa 11 jioni na safari ikachukua saa 14 pamoja na kusubiri, Dodoma itakuwa saa 1 asubuhi. London itakuwa saa 10 alfajiri wakati wa baridi, saa 11 wakati wa kiangazi. Anayekwenda kumpokea ahesabu pia muda wa uhamiaji na mizigo, saa moja na nusu hivi baada ya kutua.