Naomba ushauri: bastola ya jeshi la Marekani inamfaa raia?

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la jumla Kariakoo, na nimeshapata kibali cha kumiliki bastola. Nimekwama kwenye kuchagua kati ya SIG Sauer P320 na Glock 19.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa silaha kindakindaki, ananisukumia SIG Sauer P320. Hoja yake ni moja tu: mwaka 2017 jeshi la Marekani liliipitisha kwa jina la M17 kuchukua nafasi ya Beretta M9 iliyoanza kazi 1985, na kampuni ya Glock, walioshindania zabuni hiyo, wakabwagwa. Sawa, ila pale bei nayo ilisema. Zabuni ya SIG ilikuwa chini kuliko ya Glock kwa zaidi ya dola milioni 100. Mimi nanunua moja, sivishi kikosi!

Kinachonisumbua zaidi ni usalama. M17 ina sefti (kizuizi cha kufyatuka) ya pembeni, ya kubonyeza kwa kidole gumba, lakini P320 nyingi za kiraia hazina. Tena Agosti 2017 kampuni yenyewe ilitangaza kuboresha mfumo wa triga bure, baada ya hofu ya kufyatuka zikidondoka.

Nimezishika zote mbili kwa muuzaji. Triga ya P320 ni laini, Glock 19 imenikaa mkononi. Muuzaji anasifia kila ninachogusa, kwa hiyo hajanisaidia.

Mnaomiliki P320: nitajuaje kama niliyoonyeshwa imeshafanyiwa maboresho hayo? Na kwa mtu wa kuibeba kiunoni kutwa nzima, joto hili la Dar, bila sefti ya pembeni, mngechukua ipi?