Darasa la nne Tanga: wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni, niwape nini darasani na nini waende nacho nyumbani?

Chaki_Nusu

Habari za kazi, walimu. Darasa la nne, Tanga mjini, watoto 78. Mitihani ya muhula inaisha Jumatano na shule inafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Hizo siku saba za katikati mwalimu anasahihisha na kujaza ripoti, watoto wanafagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Naomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, shughuli za darasani ambazo vikundi vinaweza kujiendeshea huku kalamu nyekundu ikiwa mkononi mwangu. Pili, kazi ya likizo isiyo yale maswali 100 ya hesabu. Maswali hayo hufanywa yote usiku wa kuamkia kufungua shule, tena kwa mwandiko wa kaka. Karatasi ni rimu moja kwa darasa zima. Na kama nusu ya watoto wanakwenda kwa bibi zao: Pangani, Muheza, Handeni, Lushoto.

Hisabati_kwa_Mikono

Mwalimu, kwa darasani anza na chelewa (njiti za makuti ya mnazi). Watoto 78 ni makundi 13 ya watu sita. Usifanye ya wanane, wawili watabaki watazamaji na hao ndio watakaokuharibia darasa. Kila kundi lipate vijiti 120 vya sentimita 10, jumla 1,560. Chelewa moja inatoa vipande sita hivi ukiacha ile ncha nyembamba inayovunjika, kwa hiyo utahitaji chelewa 260. Watoto wakate wenyewe Alhamisi, na kipimo kiwe kipande kimoja ulichokata wewe. Wakipimana kila mmoja kwa kijiti cha mwenzake, hadi mwisho vijiti vitakuwa vimerefuka.

Vijiti kumi vinafungwa kitita kwa uzi wa katani, vitita kumi vinafungwa pamoja kuwa mia. Fundo liwe la kuvuta likafunguka. Ukiwaachia wafunge wanavyojua, nusu ya kipindi itaishia kwenye mafundo. Raba za kufungia pesa zisikutamanishe, zinakatika na zinageuka manati.

Andika 1 hadi 9 ndani ya vifuniko tisa vya soda, tia kwenye soksi. Kundi linaanza na mia iliyofungwa. Anayefikiwa na zamu anachomoa kifuniko, anatoa vijiti idadi hiyo, na wote sita wanaandika: 100 − 7 = 93. Kifuniko kinarudi kwenye soksi. Kufika sifuri ni kama zamu ishirini, yaani karibu nusu saa ya wewe kusahihisha kwa amani.

Siku ya pili wape 102 − 48. Hapo ndipo utaona ugonjwa wenyewe. Atakayeandika 146 ametoa ndogo kwenye kubwa kila safu bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2, 4 toa 0. Usimweleze kukopa. Mwambie alete vijiti 48 kutoka kwenye mia na viwili. Hawezi kuvipata bila kufungua mia kuwa vitita, kisha kitita kimoja kuwa vijiti. Akibakiwa na 54 mkononi, mwulize ile 146 ilitoka wapi wakati alianza na 102.

Kiswahili: kila mtoto alete vitendawili vitano kutoka nyumbani, kila kimoja kwenye kipande cha boksi, jibu nyuma. Lakini kabla hujawaruhusu, andika ubaoni vile vilivyopigwa marufuku (nyumba isiyo na mlango, popo wawili wavukao mto, na ndugu zao). Usipofanya hivyo utapokea mayai sitini.

Pwani_na_Kusi

Naongeza upande wa likizo. Kazi nzuri ni ile yenye mstari mmoja kwa siku, ambayo kaka hawezi kuimalizia kwa usiku mmoja. Kwa mtoto wa Tanga au Pangani, hiyo ni maji kujaa na kupwa.

Jedwali lichorwe darasani kabla ya kufunga, kwenye kurasa za mwisho za daftari. Kwa hiyo karatasi haihitajiki. Mistari 15, safu nne: tarehe, saa maji yalipojaa, mwezi ulivyoonekana (achore), upepo umetoka wapi. Kwa nini 15? Kwa sababu kutoka bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) hadi bamvua ni siku 14 na kitu, na katikati yake mtoto atayaona maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, basi kwa siku 15 anazunguka na kurudi karibu na saa alizoanzia.

Panapoharibika ni hapa: maji ya jioni yakisogea mpaka gizani, mtoto anaacha au anabuni. Mwambie mapema kwamba yakivuka saa 12 jioni ahamie kwenye yale ya asubuhi. Na asiende ufukweni peke yake. Akiuliza wavuvi au akina mama wanaookota chaza inatosha, mradi aandike kwamba aliambiwa.

Daftari la kubuni hujulikana haraka. Ama saa ni ile ile siku tatu mfululizo, ama bamvua limejaa saa 4 asubuhi. Pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri, na saa 4 asubuhi ndipo maji yamekauka.

Walioko bara wapime kivuli cha fimbo kila siku saa 6 mchana.

Mama_wa_Makorora

Walimu, tafadhali amueni saa ya nani. Mtoto anasoma simu ya baba yake anaandika 16:30, akiulizia kwa bibi anaambiwa saa kumi na nusu, na kwenye jedwali zinakaa zote mbili.

Pwani_na_Kusi

Kweli kabisa, dada. Safu iandikwe juu yake "saa ya Kiswahili". Simu ikisoma 7 hadi 18, toa 6. Hilo peke yake ni zoezi la dakika kumi kabla ya kufunga.

Timazi

Kivuli cha kila siku mchana, hapana. Mwezi wa Juni jua liko mwisho wa safari yake ya kaskazini, halisogei. Fimbo ya sentimita 50 hapa Tanga itatoa kivuli cha kama sentimita 27 likizo nzima, tofauti haifiki hata sentimita moja. Mtoto akiona namba haibadiliki anadhani amekosea, anaanza kuipamba.

Apime siku moja tu, mara tano: saa 2, 4, 6 na nusu, 8 na 10. Saa 2 kivuli ni karibu mita 1.4, kwa hiyo rula ya sentimita 30 haitoshi. Atumie kamba ya katani yenye fundo kila sentimita 10. Kifupi kuliko vyote kitakuwa kama saa 6 na dakika 25, wala si saa 6 kamili, kwa kuwa saa yetu inafuata mstari wa longitudo ulio mashariki yetu. Fimbo isimame kwa timazi, yaani uzi na jiwe pembeni. Ikiinama kidogo tu, nyuzi 5, ncha inahama zaidi ya sentimita 4 na hesabu imekwisha. Daftari litunzwe: likizo ya Desemba fimbo ile ile mchana itatoa kama sentimita 17, na kivuli kitakuwa kimegeuka kutoka kusini kwenda kaskazini.

Kazi ya kila siku kwa wa Lushoto na Muheza iwe mvua. Chupa ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka (zenye mikunjo zinadanganya), ikatwe juu, kichwa kigeuzwe kiwe faneli. Changarawe chini, maji mpaka juu ya lile pindo la kitako, hapo chora sifuri. Iwekwe wazi mbali na paa na migomba, isomwe saa 3 asubuhi kwa milimita. Kila asubuhi imwagwe na ijazwe upya hadi sifuri, hata kama haikunyesha. La sivyo jua litashusha mstari, na mbu watazaliana humo.

Chaki_Nusu

Nimeelewa, asanteni sana. Ila madaftari 78 kuyasahihisha Julai?

Hisabati_kwa_Mikono

Usiyasahihishe. Siku ya kwanza tundika manila moja, waliopima maji wanaita tarehe, kila mmoja anatia nukta yake. Nukta zitapanda kwa mshazari zenyewe. Ile iliyokaa mbali na wenzake, mwite mwenyewe aeleze alisimama wapi na nani alimwambia.